Mtazamaji Asiyejua Asili

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hupendwa sana na sisi walimu, kwa kuwa hutuweka ndani ya nyumba pamoja na wajuao, na wengine huwaacha nje ya mlango. Katika makala haya nakusudia kuipima methali hiyo kwa jambo moja tu. Je, mtu aweza kuifurahia filamu iliyotokana na mchezo mashuhuri wa kale, bila ya kuujua mchezo wenyewe? Na kama aweza, furaha yake ni kamili, au ni nusu ya furaha? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa dogo. Walakini ndani yake mna swali kubwa la kazi yetu: elimu humpa nini mtazamaji, na humnyang'anya nini.

Filamu niichukuayo kuwa mfano ni Omkara, iliyoongozwa na Vishal Bhardwaj na kutolewa nchini India mwaka 2006. Mwongozaji huyu alikuwa amekwisha kuufanyia kazi kama hiyo mchezo wa Macbeth, katika filamu ya Maqbool ya mwaka 2003. Na baadaye aliufanyia Hamlet, katika Haider ya mwaka 2014. Asili ya Omkara ni Othello, mchezo wa Shakespeare ulioonyeshwa katika jumba la mfalme huko London tarehe 1 Novemba 1604.

Yafaa kuieleza habari yenyewe kwa ufupi. Katika mchezo, Othello ni mtu mweusi aliye jemadari wa jeshi la Venisi. Amemwoa Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa mji, pasipo radhi ya baba yake. Amempa cheo kijana Cassio, na kumwacha Iago, askari wake wa siku nyingi. Iago aazimia kulipiza kisasi. Kwa kitambaa kimoja cha mkono, kilichookotwa na mkewe Emilia, amfanya jemadari aamini kwamba bibi yake ana mapenzi na Cassio. Othello amwua mkewe kitandani, kisha aujua ukweli, kisha ajiua.

Katika filamu, Venisi imekuwa vijiji vya Uttar Pradesh, na jeshi limekuwa kundi la wababe wanaomtumikia mwanasiasa katika siku za uchaguzi. Othello ni Omkara, ambaye mama yake ni wa tabaka la chini. Desdemona ni Dolly, binti wa mwanasheria. Cassio ni Kesu. Iago ni Langda Tyagi, kiwete, na jina lake lenyewe maana yake ndiyo hiyo. Emilia ni Indu. Nacho kitambaa cha mkono kimegeuka kuwa ukanda wa kiunoni, pambo la urithi wa jamaa ya Omkara.

Mimi niliiona filamu hii mara ya kwanza mwaka 2009, katika kibanda cha video mjini Katoro. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, nami nilikuwa safarini kutoka Shinyanga kwenda kuwatazama ndugu zangu upande wa Geita. Siku zile Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012. Katoro ni mji wa biashara uliopata nguvu yake kwa dhahabu, na kibanda kile kilikuwa cha mabati, kina mabenchi ya mbao, na jenereta ikinguruma nyuma yake. Watazamaji wengi walikuwa wachimbaji wadogo, waliokuwa na siku ya mapumziko au waliokuwa wakisubiri mgao wao.

Msomaji ajua kwamba katika vibanda vya namna ile filamu za kigeni haziachwi ziseme peke yake. Yupo mfasiri, ambaye sauti yake huingia juu ya sauti za wachezaji, akaeleza maneno yao, akaongeza ya kwake, akamtukana mwovu na kumwonea huruma mnyonge. Kazi hii ilimpatia jina kubwa Lufufu wa Dar es Salaam, na wengine wengi walifuata njia hiyo. Mfasiri wa Omkara tuliyemsikia siku ile hakumtaja Shakespeare hata mara moja. Sidhani kwamba alihitaji kumtaja. Alipofika penye ule ukanda alituambia tu kwamba ni pambo la bibi zake Omkara, na kwamba avaliwaye nalo amekwisha kuwa mke wa nyumba.

Sasa imenipasa kukiri jinsi nilivyokaa katika benchi lile. Nilikuwa nimeusoma Othello, nikaufanyia mtihani, nikafaulu. Basi tangu mwanzo wa filamu nilifanya kazi ya karani wa bandari, ambaye hesabu ya mizigo iko mkononi mwake na kila kifurushi kishukacho hukitia alama. Huyu ni Iago, vema. Huyu ni Cassio; vema. Kitambaa kiko wapi? Kumbe kimekuwa ukanda, vema. Saa nzima ilipita, nami sijamwonea mtu huruma, wala sijamwogopa mtu. Nilikuwa nikilinganisha tu. Na kwa kuwa elimu isiyokomaa haiwezi kukaa kimya, nilimwinamia mchimbaji mmoja wa makamo aliyekaa kando yangu, nikaanza kumweleza yatakayompata Dolly. Aliinua mkono wake bila ya kuniangalia, akasema, "Mwalimu, usitumalizie."

Neno lile lilinikaa moyoni kuliko mihadhara mingi niliyoisikia. Yule bwana alijua kwamba alikuwa na kitu mkononi, na kwamba mimi nilitaka kumpokonya. Kitu hicho kilikuwa ni kule kutojua kwake. Kwangu mimi Dolly alikuwa maiti tangu picha ya kwanza. Kwake yeye alikuwa hai, na huenda akaokoka. Kila Langda alipofungua kinywa, mimi nilisikia hila ninayoijua, lakini wao walisikia hatari. Kibanda kizima kilimwonya Omkara kwa sauti, kana kwamba aweza kusikia. Mtu hamwonyi mtu ambaye hatima yake imekwisha kuandikwa vitabuni. Onyo hutolewa palipo na tumaini, na msiba wa jukwaani huuma zaidi kwa yule aliyekuwa na tumaini.

Filamu ilipokwisha tulisimama nje, nami niliwasikiliza watu wakiizungumza. Mambo matatu yaliyosemwa pale nimeyachukua miaka yote hii, na kwa hayo nataka kuonyesha kwamba mtazamaji asiyejua asili si mtu mtupu.

La kwanza lilisemwa na mama mmoja muuza chakula, aliyekuwa ametazama akiwa amesimama mlangoni. Watu walikuwa wakibishana kama Omkara alikuwa mjinga kuamini. Yeye alisema, "Kitu cha kiunoni hakianguki chenyewe." Maneno haya ni machache, lakini yajibu swali la zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 1693 mhakiki wa Kiingereza Thomas Rymer aliukejeli mchezo wa Othello kwa sababu ya kile kitambaa. Alishangaa jinsi kitu hafifu namna ile kilivyoweza kuleta vifo vingi, akasema kwamba kama kingekuwa utepe wa kufungia soksi za bibi yule, hapo mume angekuwa na sababu ya kutia shaka. Wahakiki wengi wamemcheka Rymer, nao wana haki kwa mengi. Lakini Bhardwaj, ama alimsoma Rymer ama hakumsoma, alikitoa kitambaa mkononi akakipeleka kiunoni, mahali ambapo mume peke yake ana ruhusa ya kufika. Na mwanamke wa nchi yetu, ambako shanga za kiunoni ni siri ya mke na mume wake, hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mimi niliyesoma nililiona badiliko. Yeye aliiona maana. Sithubutu kusema kwamba mimi nilikuwa karibu zaidi na filamu kuliko yeye.

La pili lilihusu chuki ya Langda. Katika vyuo vyetu hurudiwa sana hukumu ya Coleridge, kwamba Iago ni uovu usio na sababu, unaojitafutia sababu. Nilipolitoa wazo hilo kwa maneno mepesi, yule bwana wa makamo alitikisa kichwa. "Mwalimu," alisema, "wewe hujafanya kazi kwenye duara. Mtu akirukwa, usimuulize tena sababu." Wasiojua nchi ile na waelezwe kwamba duara ni shimo la dhahabu, lenye mwenyewe na wachimbaji wake, na kwamba usimamizi wa duara na mgao wa mawe ni mambo yawezayo kuvunja udugu wa miaka. Yule aliyeshuka shimoni tangu siku ya kwanza, kisha akamwona kijana wa juzi akipewa usimamizi, hahitaji sababu ya pili. Filamu yenyewe yamuunga mkono, kwa kuwa yaonyesha waziwazi, mbele ya watu wote, Langda akingoja kuitwa na Kesu akiitwa badala yake. Sisemi kwamba Coleridge amekosa kuhusu mchezo. Nasema kwamba kuhusu filamu, yule mchimbaji alisoma kilichopo, na mimi nilisoma nilichokuja nacho.

La tatu liliulizwa na kijana mmoja, naye hakupata jibu kwa mtu yeyote. "Yule mke wa Langda ndiye aliyeuchukua ukanda. Mbona hakusema mapema?" Msomaji aliyeusoma Othello atatambua kwamba hili ni jambo gumu kuliko mengi katika mchezo ule. Emilia amemwona bibi yake akihangaika kwa ajili ya kitambaa, naye ajua kilikokwenda, lakini anyamaza mpaka kifo kimekwisha kutokea. Wataalamu wameandika sana juu ya kimya hicho: wengine husema ni hofu ya mume, wengine husema ni mazoea ya utii, wengine husema mtunzi mwenyewe alihitaji anyamaze. Kijana wa Katoro hakuwa amesoma hata mmoja wao. Alikuwa ameitazama hadithi kwa haki, na hadithi yenyewe ikampeleka penye jeraha lake.

Mwisho niliwaambia kwamba hadithi ile ilitungwa na Mwingereza aliyefariki mwaka 1616. Nilitazamia mshangao. Yule bwana alifikiri kidogo, akasema, "Basi naye alikaa na watu." Kisha wakaendelea na mabishano yao juu ya Langda.

Hapa wataalamu wenzangu waweza kupinga, na hoja yao ni ya kusikilizwa. Watasema kwamba kazi iliyotokana na kazi nyingine ni kama jibu, na asiyesikia swali hawezi kulielewa jibu. Watasema kwamba watazamaji wa Katoro walifurahia hadithi tu, bali sanaa ya mwongozaji ilikuwa katika namna alivyoigeuza hadithi.

Najibu kwanza kwa historia. Shakespeare mwenyewe aliichukua habari ya Othello katika kitabu cha Mwitaliano Giraldi Cinthio, kilichochapishwa mwaka 1565. Ndani ya hadithi ya Cinthio, yule mke auawa kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha dari huangushwa juu yake ili kuficha uovu. Hakuna tafsiri ya Kiingereza ya hadithi hiyo ijulikanayo kuwa ilitoka katika siku za Shakespeare. Basi wengi wa watu wa London waliousimamia mchezo ule kwa miguu yao walikuwa katika hali ile ile ya mabenchi ya Katoro: waliona kazi iliyotokana na kazi nyingine, wala asili yake hawakuijua. Hatujawahi kusema kwamba walifurahia nusu.

Na sisi Waswahili tulimpokea Shakespeare kwa mlango huo huo. Mwaka 1867 Edward Steere alichapa Unguja kitabu kidogo cha Hadithi za Kiingereza, kilichotolewa katika visa vilivyosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb mwaka 1807. Msomaji wa Unguja alipewa kisa bila ya mchezo, na kwa lugha yake mwenyewe. Hata karne moja ilikuwa karibu kutimia ndipo Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar, mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kwa hiyo kwetu sisi kisa ndicho kilichotangulia, na mchezo ndio uliofuata. Tukisema kwamba asiyejua asili hana haki ya kufurahi, tutakuwa tumewahukumu babu zetu.

Tena, nchi ya Wasukuma ina desturi ya zamani inayompa mtazamaji kiti cha hakimu. Baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vya Bagalu na Bagika hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ushindi huonekana kwa watu: kundi liliowavuta wengi ndilo lililoshinda. Mtu ahamaye kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili haulizwi kama ajua wimbo ule ulitungwa na nani kwanza. Miguu yake imekwisha kutoa hukumu. Twaweza kusema kwamba hukumu hiyo haitoshi, nami nakubali. Lakini hatuwezi kusema kwamba si hukumu.

Baada ya historia, yabaki sehemu ya hoja yao ambayo ni ya kweli, nami sitaki kuificha. Katika mchezo, Emilia auawa na mumewe kwa kusema kweli, na Iago abaki hai, akikataa kunena neno lolote. Katika filamu, Omkara amwua Dolly usiku wa arusi yao. Na ukweli unapofunuka, Indu ndiye amwuaye Langda, kwa mkono wake mwenyewe. Siku ile kibanda kililipuka kwa sauti. Kwa watazamaji wote haki ilikuwa imetendeka, na haikuweza kutendeka kwa namna nyingine. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba namna nyingine ilikuwapo, kwamba kwa miaka mia nne mwanamke yule alikuwa akianguka kwa upanga wa mumewe, na kwamba mwongozaji wa India amemwinua na kumpa yeye silaha. Wao waliona mwisho wa hadithi. Mimi niliona uamuzi wa mtu. Hiyo ndiyo zawadi ya elimu: hutuonyesha kwamba kila kilichofanywa kingeweza kufanywa vingine, na kwa hiyo hutuwezesha kuuliza kwa nini kimefanywa hivi.

Lakini msomaji aangalie jinsi nilivyoipata zawadi hiyo. Niliipata kwa sababu dakika ile elimu yangu ilikosea. Nilikuwa nikingoja Indu afe. Alipoinua mkono nilishtuka kuliko wote, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze nilikuwa mtazamaji kama wao. Ilinibidi niwe mjinga kwanza, hata kama ni kwa dakika moja, ndipo nikaona.

Basi neno ninalotaka kulisema katika makala haya ni hili. Kujua asili na kutojua asili ni hali mbili, na kila moja ina mali yake. Aliyeko katika kutojua aweza kupita kwenda katika kujua siku yoyote apendayo, kitabu kinamngoja. Aliyekwisha kujua hawezi kurudi kamwe. Kwa sababu hiyo kutojua kwa mara ya kwanza ni akiba itumikayo mara moja tu, na mwalimu anayeitapanya akiba ya mwanafunzi wake, kwa kumweleza mapema lipi limetoka wapi, ametumia mali isiyo yake.

Kwa miaka kadhaa ya mwanzo wa kazi yangu nilitenda kosa hilo darasani. Niliagiza mchezo usomwe kwanza, kisha filamu itazamwe, na nikapokea insha nyingi zilizo safi na zisizo na uhai, orodha za tofauti na ufanano, kama zile alama zangu za karani wa bandari. Siku hizi nimegeuza. Wanafunzi huitazama Omkara kwanza, bila ya neno langu lolote. Huandika walichokiona, na maswali yaliyowasumbua. Baada ya hapo ndipo huufungua Othello. Wanapokutana na kile kitambaa huuliza kwa nini Shakespeare aliutoa ukanda kiunoni akaufanya kuwa kitu cha mkono. Swali hilo liko kinyume cha tarehe, nami najua. Lakini limewafanya wausome mchezo kwa macho makali kuliko nilivyousoma mimi, na baadhi yao wameuliza, pasipo kuchochewa, kwa nini Emilia alinyamaza.

Narudi kwa methali niliyoanza nayo. Asiyejua maana haambiwi maana. Na iwe hivyo, ikiwa maana yake ni kwamba asikatizwe kabla hajaitafuta mwenyewe. Lakini iko methali nyingine isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Michezo hii ya kale ina wenyeji wengi, nao wamekaa ndani siku nyingi mpaka hawazioni tena kuta za nyumba yao. Wageni wake wako katika mabenchi ya mbao ya Katoro, na Kahama, na Geita. Wakati wanapozungumza, mhakiki na afunge daftari lake kwanza, asikilize.